Maswali ya Wasomaji: Umeme Huokolewa Kwenye Ramani, Kabla ya Msingi Kuchimbwa

Tulipowaalika wasomaji watuandikie kuhusu majengo na matumizi ya nishati, barua nyingi zilizokuja ziliuliza kuhusu vifaa: kiyoyozi kipi kinunuliwe, taa zipi, paneli ngapi. Mtaona kwamba majibu yetu yanayarudisha maswali mengi kwenye ramani. Sehemu kubwa ya umeme ambao jengo litatumia kwa miaka 50 ijayo huamuliwa na mistari michache inayochorwa mwanzoni, na mistari hiyo ikishageuka kuwa zege, kuirekebisha huwa ghali mno au haiwezekani kabisa.

Swali: Ndugu Mhariri, nimekabidhiwa ramani ya nyumba ya familia. Kiwanja changu ni chembamba na kinatazama barabara iliyo upande wa magharibi. Vyumba vyote vya kulala vimepangwa mbele, vikiiangalia barabara hiyo, na mchoraji anasema mwelekeo si jambo la kuhangaikia kwa kuwa tutafunga viyoyozi. Tunaishi karibu kabisa na ikweta. Je, nikubali?
*Msomaji anayesubiri kuchimba msingi*

Jibu: Usikubali kabla hamjakaa tena mezani, kwa maana hili ndilo jambo la kuhangaikia kuliko mengine yote katika barua yako.

Kwenye ikweta jua la adhuhuri huwa juu sana. Hata katika siku linapokuwa limesogea mbali kabisa kuelekea kaskazini au kusini, halipiti digrii 23.4 hivi kutoka utosini. Matokeo yake ni kwamba ukuta wa kaskazini na ule wa kusini hupigwa na jua la juu, ambalo ni rahisi kulikinga. Chukua dirisha lenye kimo cha mita 1.2. Upenu uliotokeza kwa sentimita 75 juu yake utalifunika lote kwa kivuli kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, hata katika siku ile ambayo jua limesogea kupita siku zote upande huo. Sasa ligeuze dirisha hilo hilo litazame magharibi. Ifikapo saa kumi alasiri jua liko digrii 30 tu juu ya upeo, na upenu utakaolikinga unapaswa kutokeza kwa zaidi ya mita 2. Ifikapo saa kumi na moja unahitaji mita 4 na nusu, yaani kingine zaidi ya upenu. Ongeza kwamba jua la jioni huingia wakati hewa ya nje imekwisha kupata joto la mchana kutwa, na kwamba vyumba ulivyovipanga upande huo ndivyo mtakavyohitaji vipoe muda mfupi baadaye ili watu walale.

Ni kweli kwamba kiyoyozi kinaweza kuliondoa joto hilo, lakini hakiliondoi bure. Kiyoyozi cha kawaida hutumia takriban wati moja ya umeme kuondoa wati tatu za joto, kwa hiyo dirisha linaloingiza wati 1,500 za jua kila jioni limekwisha kukupangia wati 500 za umeme kwa miaka yote utakayoishi humo. Kumwambia mteja kwamba mwelekeo haujalishi kwa kuwa kuna mashine ni kumhamishia yeye gharama ambayo mchoraji angeifuta kwa kalamu.

Kiwanja chako, hata hivyo, kina bahati ambayo huenda hujaiona. Kwa kuwa ni chembamba na kinatazama magharibi, kuta zake ndefu zitaelekea kaskazini na kusini zenyewe. Omba vyumba vya kulala vipangwe kandokando ya kuta hizo ndefu, na upande wa barabara uachiwe ngazi, stoo, bafu, maegesho ya gari, au baraza pana ambalo litakuwa kivuli cha nyumba nzima. Madirisha machache yatakayobaki magharibi yawe madogo na yawekewe vibao vya nje vinavyofungwa. Mti wenye majani ya kudumu upande huo hufanya kazi kubwa pia, ingawa utasubiri miaka kadhaa kabla ya kuuona ukiifanya.

Swali: Fundi wangu anapendekeza bati la kahawia iliyoiva kwa sababu halionyeshi uchafu. Anasema joto litatokea kwenye matundu ya hewa tutakayoacha chini ya paa. Nina fedha ya kufanya jambo moja au mawili tu zaidi ya bati lenyewe. Nianze na lipi?
*Mjenzi wa nyumba ya chini, ukanda wa joto*

Jibu: Anza na rangi, kwa kuwa mara nyingi haikuongezei gharama yoyote. Jua la adhuhuri lisilo na mawingu huleta takriban wati 1,000 kwa kila mita ya mraba iliyolikabili, hivyo paa la mita za mraba 100 hupokea kilowati 100 hivi. Bati la rangi iliyoiva hufyonza asilimia 80 hadi 90 ya nguvu hiyo, ilhali rangi nyeupe mpya hurudisha angani hadi asilimia 80. Vumbi litaipunguza weupe kadiri miaka inavyokwenda, na linaweza kuoshwa, lakini hata paa jeupe lililochakaa hubaki mbali na lile la kahawia.

Kuhusu matundu, fundi wako ana nusu ya ukweli. Hewa ya moto iliyo chini ya bati ina kawaida ya kubaki juu, karibu na bati, na wala haiteremki kwa urahisi hadi kwenye dari. Joto linalowafikia mkiwa chini husafiri zaidi kwa mnururisho: bati lililopata moto huitupia dari mionzi isiyoonekana kwa macho, na mionzi hiyo huivuka hewa bila kuzuiwa na upepo wowote unaopita matunduni. Matundu yaachwe, kwa maana yanasaidia kutoa unyevu na kuipoza nafasi hiyo usiku, lakini yasitegemewe kuifanya kazi ya mchana.

Kinachoikata mionzi hiyo ni karatasi ya alumini inayong'aa, ambayo hutoa sehemu ndogo sana ya mionzi ya joto, kiasi cha asilimia 5. Mafundi wengi huikosea kwa namna mbili. Kwanza, huibana kati ya bati na mbao bila nafasi ya hewa, na hapo hupitisha joto kwa kugusana kama metali nyingine yoyote. Iachiwe walau sentimita 2 au 3 za hewa upande unaong'aa. Pili, huutazamisha upande unaong'aa juu, ambako vumbi hutua na kuufisha baada ya muda, ilhali ukitazama chini hubaki safi na kazi yake ni ile ile.

Hatua ya mwisho ni kutandaza kihamijoto, yaani kitu kinachozuia joto kupita, juu ya dari. Ili upate kuuona uwezo wake, unene wa sentimita 10 za sufu ya madini huzuia joto kupita kwa kiwango ambacho zege lingehitaji unene wa mita 4 hivi kukifikia. Kwa fedha uliyo nayo, chagua bati jeupe na karatasi ya alumini sasa, kisha uache nafasi na mlango mdogo wa kupandia darini ili sufu iongezwe baadaye. Ikiwa chumba kitafungwa kiyoyozi, sufu isisubiri.

Swali: Mtaalamu wa viyoyozi anataka kutuwekea mashine kubwa kuliko chumba kinavyohitaji, ili kipoe haraka. Mke wangu, kwa upande wake, hataki kuachana na madirisha ya luva kwa sababu anapenda hewa ya nje. Nani yuko sahihi?
*Mume anayetaka amani na bili ndogo*

Jibu: Mama yuko sahihi kuhusu sebule, kuhusu chumba kitakachofungwa kiyoyozi, hapana. Mtaalamu hayuko sahihi popote.

Kila chumba kinapaswa kuamuliwa mapema kama kitapozwa na upepo au kitapozwa na mashine, kwa maana mahitaji ya njia hizi mbili yanapingana. Chumba cha upepo kinataka matundu makubwa katika kuta mbili tofauti, hewa iingie huku na kutokea kule, na tundu la kutokea lisiwe dogo kuliko la kuingilia. Kisiwe kirefu mno kutoka dirisha hadi dirisha: kanuni ya wasanifu ni kwamba hewa hupita vizuri hadi umbali wa mara tano ya kimo cha dari, lakini chumba chenye madirisha upande mmoja tu hupata hewa ya kutosha kwa kina cha mara mbili ya kimo hicho au zaidi kidogo. Milango ya ndani ikifungwa huikata njia hiyo ya hewa, ndiyo maana tundu lenye luva juu ya mlango lina thamani kubwa kuliko linavyoonekana. Luva zinafaa sana hapo, kwani hufunguka karibu nafasi yote ya dirisha.

Chumba cha kiyoyozi kinataka kinyume chake. Bapa za luva hazibani hata zikifungwa, na hewa yenye unyevu itakuwa ikipenya usiku kucha, ikailazimisha mashine kuyafanya maji ya hewani kuwa matone badala ya kupoza chumba. Hapo wekeni madirisha yanayobana, yenye mpira pembezoni, na mlango usio na mwanya chini.

Mashine kubwa kupita kiasi hupoza hewa upesi kisha ikazima kabla ya kuuondoa unyevu, mkabaki na chumba chenye baridi na nata. Zile za kisasa zinazopunguza mwendo zenyewe zina unafuu kidogo, lakini hata hizo hazipaswi kuchaguliwa kwa kukisia. Mwambieni mtaalamu afanye hesabu ya joto la chumba kwa kuzingatia mwelekeo, paa, vioo na idadi ya watu, na kama hawezi, mtafuteni anayeweza. Fungeni pia feni ya dari hata katika chumba chenye kiyoyozi. Feni hutumia wati 50 hadi 75 hivi, na upepo wake huufanya mwili uhisi nafuu ya digrii 2 au 3, kwa hiyo mnaweza kuiweka mashine kwenye digrii 26 au 27 badala ya 24 bila kupungukiwa na raha. Ila feni hupoza watu, haipozi chumba, mkitoka, izimeni.

Swali: Kampuni yetu inajenga ofisi ya ghorofa sita. Michoro inaonyesha kuta za kioo kuanzia sakafu hadi dari pande zote nne, na tumeahidiwa kwamba vioo viwili badala ya kimoja vitamaliza tatizo la joto, pamoja na kutuokolea umeme wa taa. Ni kweli?
*Mjumbe wa kamati ya ujenzi*

Jibu: Ahadi hizo mbili zina ukweli mdogo kuliko uzito wake.

Vioo viwili vyenye hewa katikati hupunguza joto linalopita kwa sababu ya tofauti ya joto la ndani na la nje. Katika nchi za baridi hiyo ni faida kubwa: kioo kimoja hupoteza takriban wati 5.7 kwa kila mita ya mraba kwa kila digrii moja ya tofauti, viwili vya kawaida hupoteza wati 2.8, na viwili vyenye utando maalumu na gesi ya agoni hupoteza 1.1 hivi. Lakini katika nchi ya joto, tofauti kati ya ndani na nje ni ya digrii chache tu, na mzigo mkubwa unatokana na jua linalopenya kioo. Vioo viwili visivyo na utando bado huingiza zaidi ya theluthi mbili ya nguvu ya jua. Swali la kumuuliza mbunifu wenu ni asilimia ngapi ya nguvu ya jua inapita katika kioo alichokichagua. Ikiwa inazidi 40, na hakuna kikinga jua nje, mnajenga jengo litakaloishi kwa mashine. Mapazia ya ndani hayawezi kuliokoa, kwa kuwa jua likilifikia pazia limekwisha kuingia, na joto lake limebaki nanyi.

Kuhusu taa, mwanga wa dirishani hufika ndani kwa umbali wa mara moja na nusu hadi mara mbili na nusu ya kimo cha ukingo wa juu wa dirisha. Sehemu ya kioo iliyo chini ya usawa wa meza haichangii karibu chochote katika mwanga wa kazini, ilhali huingiza joto sawa na sehemu nyingine. Tena, kioo kikubwa kinachomwagia meza jua kali huwafanya wafanyakazi washushe mapazia na kuwasha taa mchana, na hapo mnalipia joto na taa kwa pamoja.

Kama mimi ndiye ningekuwa katika kamati hiyo, ningeomba kioo kichukue asilimia 30 hadi 40 ya ukuta, kikae sehemu ya juu, kiwe kingi kaskazini na kusini na kichache mashariki na magharibi, na kila dirisha liwe na kikinga jua cha nje. Jengo la namna hiyo linaweza kupendeza sana, na msanifu mzuri analijua hilo. Ombeni pia mfumo wa taa ugawanywe ili safu iliyo karibu na madirisha izimwe peke yake.

Swali: Nimesoma kwamba kuta nene za udongo au mawe huipoza nyumba bila umeme. Mimi najenga pwani, kwenye joto na unyevu mwingi. Nijenge kuta nene?
*Msomaji mpenda vifaa vya asili*

Jibu: Udongo na mawe ni vifaa vizuri, lakini unene wake hautakupa ulichokisoma. Ukuta mzito hauliondoi joto. Hulipokea mchana na kulitoa baadaye, na kwa tofali za unene wa sentimita 20 hadi 25 ucheleweshaji huo ni wa muda wa saa sita hadi nane. Pale ambapo usiku hupoa sana, tuseme digrii 10 au zaidi chini ya mchana, joto hilo hutolewa nje kwa hewa ya usiku na ukuta huamka ukiwa umepoa. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililofunguliwa mwaka 1996 kwa usanifu wa Mick Pearce, limejengwa juu ya kanuni hiyo: feni hupitisha hewa baridi ya usiku ndani ya uwazi wa sakafu za zege, na ubaridi huo huwahudumia watu mchana. Lakini Harare iko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na usiku wake una ubaridi wa kuvuna.

Pwani usiku hupoa kidogo tu, na ukuta wako mnene utakuwa ukitoa joto la mchana saa mnapolala. Huko jenga kuta nyepesi zenye kivuli, nyumba nyembamba inayopitisha hewa, na upenu mpana.

Swali: Naishi nchi yenye majira ya baridi kali. Tulifunga madirisha mapya yanayobana sana ili kupunguza gharama ya kupasha joto. Gharama ilipungua, lakini sasa kuvu imeota kwenye kona za chumba na pale roshani inapoungana na ukuta. Tulikosea wapi?
*Msomaji ughaibuni*

Jibu: Madirisha si kosa. Mliziba njia ambayo mvuke ulikuwa ukitokea bila kuupa njia nyingine, na mkaziacha sehemu baridi za ukuta zikiwa baridi vile vile. Chumba chenye digrii 20 na unyevu wa asilimia 50 huanza kuwa katika hatari ya kuvu mahali popote ambapo uso wa ukuta umeshuka chini ya digrii 12.6, na kona za nje pamoja na bamba la zege la roshani ndizo hushuka kwanza. Zege la roshani likitoka ndani hadi nje bila kukatwa na kihamijoto, huwa mfereji wa kupotezea joto, na dawa yake ya kudumu ni kulivika bamba hilo kihamijoto pande zake zote, au kuikata roshani na kuisimamisha juu ya nguzo zake yenyewe.

Wabunifu wa nyumba zinazoitwa Passivhaus walilikabili suala hili kikamilifu. Nyumba ya kwanza ya aina hiyo ilijengwa Darmstadt, Ujerumani, na wakazi wakaingia mwaka 1991. Kanuni yake inataka kupasha joto kusizidi kilowati-saa 15 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, na hewa inayovuja isizidi 0.6 ya ujazo wa nyumba kwa saa, inapopimwa kwa shinikizo la paskali 50. Lakini kubana huko huenda sambamba na mashine ndogo ya kubadilisha hewa, ambayo hewa chafu inayotoka huiachia ile mpya inayoingia sehemu kubwa ya joto lake, walau asilimia 75. Kwa sasa, wekeni feni ya kutolea mvuke bafuni na jikoni, sogezeni makabati mbali na kuta za nje, na mpime unyevu.

Kwa msomaji yeyote anayeanza kujenga katika baridi ya namna hiyo, umbo nalo lina neno. Jengo la mita 10 kwa 10 kwa kimo cha 10 lina mita za mraba 600 za kupotezea joto. Lile la mita 40 kwa 10 kwa kimo cha 2.5, lenye ujazo ule ule, lina 1,050.

Swali: Kwa nini nisumbuke na yote haya ilhali naweza kufunga paneli za jua?
*Msomaji mwenye haraka*

Jibu: Zifunge, lakini mwisho. Jengo lililopunguza mahitaji yake kwanza huhitaji paneli chache na betri ndogo, na betri ndiyo inayochakaa mapema zaidi. Isitoshe, vyumba vya kulala vinavyoelekea magharibi hudai umeme jioni na usiku, saa ambazo paneli zimelala.

Swali: Nyumba yangu imekwisha kujengwa. Nitajuaje ni badiliko gani lilinisaidia kweli?
*Mwenye nyumba ya zamani*

Jibu: Mita moja ya nyumba nzima haitakuambia. Mwombe fundi umeme aliyesajiliwa atenganishe saketi za viyoyozi, cha kuchemshia maji, na taa pamoja na soketi, kisha afunge mita ndogo kwa kila moja ndani ya sanduku la swichi. Andika usomaji kila mwezi, ukianza kabla ya kubadilisha chochote, na ulinganishe mwezi na mwezi ule ule wa mwaka uliopita, kwa kuwa majira yasiyofanana hudanganya. Fanya badiliko moja kwa wakati: kwanza kivuli cha nje upande wa magharibi, kisha karatasi ya alumini au sufu darini, kisha kuziba mianya ya vyumba vyenye viyoyozi. Ukiona mita ya viyoyozi haikushuka baada ya kazi ya darini, panda juu ukague kama karatasi iliachiwa nafasi ya hewa na kama sufu imefika hadi pembeni mwa dari bila kuacha mapengo.